Kusoma chuo bila mkopo: hesabu za kupiga kabla hujajaza fomu

Watu wakisikia nimemaliza digrii bila kudaiwa hata senti wanadhani nilikuwa na mfadhili au wazazi wana hela. Hapana, kwetu hela zilikuwa za kuunga unga tu. Kilichonibeba ni ubishi kwenye hesabu, na pia nilikubali kumaliza nikiwa nimechelewa kuliko wenzangu wa sekondari. Hilo la kuchelewa nalitaja mapema kabisa ili kama kwako haliwezekani usome huku unajua.

Sasa kitu ambacho wengi hawakioni, ada siyo inayowatumbukiza watu kwenye madeni. Ada unaijua tangu mwanzo, imeandikwa, unajipanga nayo. Kinachomaliza watu ni vya pembeni. Chukua mchanganuo wa ada wa chuo usome mistari ya chini kule ambako macho hayafiki, utakuta usajili, kitambulisho, bima ya afya, mitihani, maabara, mchango wa serikali ya wanafunzi, halafu mwaka wa mwisho vinakuja fildi (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo), utafiti, kuprinti na kubaindi ripoti, joho. Hapo hujaweka chumba, msosi, nauli, bando na laptop. Mimi nilichora jedwali kwenye daftari, semista zote juu, gharama zote kushoto, nikajaza mpaka joho. Nikashangaa kuona semista ya kutisha siyo ile ya kwanza niliyokuwa naiogopa, ni ya fildi! Unalipa ada kama kawaida, unapanga chumba kingine sehemu nyingine, na kile kikazi chako cha kukuingizia hela unakiacha. Basi nikaanza kuiwekea akiba nikiwa bado mwaka wa kwanza, na wenzangu wengi ndo walikopea hapo hapo.

Upande wa mapato sheria ni moja, andika hela ambayo imeshafika mkononi au ina barua. Mjomba akikwambia "usijali, semista ya pili niachie mimi", mshukuru sana, mpigie simu za salamu, ila kwenye daftari usimwandike. Simsemi vibaya, watu wanaahidi kwa moyo mweupe kabisa halafu mambo yanaingiliana. Ikija, ipeleke semista inayofuata.

Ukishaona pengo liko semista gani, nenda kwa mhasibu wa chuo kabla semista haijaanza. Siyo ile wiki majina ya wasioruhusiwa kufanya mtihani yamebandikwa na foleni imefika nje, wakati huo kila mtu ana msiba na kila mtu ana mgonjwa. Nenda mapema na barua fupi, tarehe fulani nalipa kiasi fulani, tarehe fulani kingine. Chuoni kwetu tangazo lilisema ada inalipwa kwa awamu mbili, mimi na barua yangu nikapewa nne, wakagonga muhuri nikabaki na kopi. Risiti nazo usitupe hata moja, mfumo uliwahi kuonyesha nadaiwa hela ambayo nilishalipa na bila kile kikaratasi ningelipa tena.

Na kama hela haipo kabisa, ahirisha masomo kwa barua. Usipotee tu. Anayepotea anaweza kurudi akakuta kafutwa au semista ambazo hakukaa darasani zimehesabiwa kama deni, anayeahirisha rasmi nafasi yake inamsubiri. Niliahirisha, nikafanya kazi, nikarudi, na sijawahi kuulizwa na mwajiri kwa nini nilichelewa.

Kuna njia nyingine ambayo watu wanaidharau, kuanzia chini. Unasoma stashahada kwenye chuo cha bei nafuu halafu unaunganisha digrii, Marekani wanafunzi wengi wanafanya hivyo, miaka miwili ya mwanzo kwenye vyuo vya jamii kisha wanahamia chuo kikuu. Ujanja ni kupata kwa maandishi, kutoka kule unakohamia, masomo gani watayapokea. Ukienda kwa "nasikia wanapokea" unaweza kurudishwa mwaka wa kwanza, akiba yote imeyeyuka. Au usome kwa masafa huku unafanya kazi, UNISA ya Afrika Kusini inafundisha hivyo tangu 1946 na Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969, unachukua masomo machache kadiri mfuko unavyoruhusu. Ni mwendo wa kobe, sikatai.

Halafu hili neno "bure", jamani. Bure ya chuo karibu siku zote ina maana ada tu. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, kweli, lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa semista, na kwa wengi wetu viza yenyewe inadai uonyeshe hela ya kuishi mwaka mzima. Norway nayo ilikuwa kimbilio, mwaka 2023 wakaanza kuwatoza wa nje ya Ulaya. University of the People, ile ya mtandaoni iliyoanzishwa 2009, haina ada ya mafunzo ila kila somo unalipia tathmini. Berea College kule Kentucky, Marekani, haijatoza ada tangu 1892, lakini kila mwanafunzi lazima afanye kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na kwa maoni yangu huo ndo mpango wenye akili kuliko yote niliyowahi kuusoma.

Skolashipu mnazijua, sitakaa sana hapo. Soma masharti ya GPA (wastani wa alama zako), maana skolashipu ya asilimia mia ikikatika mwaka wa pili unabaki na ada ya chuo ambacho usingekichagua kwa hela yako. Uliza pia kama ukipata msaada wa nje chuo kitapunguza ule wa kwake, vipo vinavyofanya hivyo. Omba zile ndogo ndogo zenye masharti ya ajabu, waombaji ni wachache. Anayekuandikia barua ya utambulisho mpe mapema CV yako na kile unachoomba, ukimshtukiza siku mbili kabla atakuandikia "namfahamu, ana nidhamu" basi. Na anayekutaka ulipie kwanza hela ya kuchakata ombi, kimbia.

Kuhusu kazi, tafuta ya ndani ya kampasi hata kama inalipa kidogo. Mimi nilikaa maktaba na jioni nilikuwa napangilia ripoti za watu, namba za kurasa, jedwali la yaliyomo, marejeo, vitu ambavyo mtu wa mwaka wa mwisho analipia bila kubishana maana kesho anakabidhi. Hakuna nauli, na bosi anajua maana ya wiki ya mitihani. Kama unasoma nje, angalia viza inaruhusu saa ngapi, Uingereza kwa wa digrii ni 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ila kazi ikianza kukuletea sapu (mtihani wa marudio) umepata hasara, somo unalirudia kwa hela, na ukidisko, yaani ukaondolewa chuo kwa kufeli, ndo kabisa, umelipa kila kitu na cheti huna.

Sasa niseme ukweli, kuna kozi njia hii inazibana sana. Udaktari huwezi kuusoma kwa masafa, na saa za kufanya kazi hazipo. Kama ni huko na umebakiza pengo, kopa lile pengo lililoko kwenye daftari lako, siyo kiasi chote unachopangiwa, watu wengi wanachukua yote kwa sababu tu yameidhinishwa. Na kabla hujasaini uliza riba inaanza kuhesabiwa lini, siku unayoingiziwa hela au siku unayomaliza chuo, halafu wakuandikie, usikubali la mdomoni.