Muulize Fundi: Mkia wa Kichina kwa jina la Nairobi

Fundi, habari ya kazi? Nauza spea za simu Luthuli na mzigo wangu natoa Guangzhou. Kadi ya muuzaji wangu mmoja ina anwani ya tovuti iliyoandikwa yote kwa Kichina, hadi mkia wake: .公司. Binti yangu anasoma Kichina, anasema hata sisi tunaweza kupendekeza mikia mipya, .肯尼亚 kwa Kenya au .内罗毕 kwa Nairobi, tuwauzie majina Wachina wenye biashara hapa. Chama chetu kina akiba. Inawezekana? – Baba Njeri

Baba Njeri, msalimie binti, herufi kaziandika sawasawa. Ila mlango mmoja kati ya hiyo miwili umefungwa kabisa.

Mwongozo wa 2012 wa ICANN, shirika linalosimamia mikia ya intaneti, unakataza kuomba jina la nchi kwa lugha yoyote ile. Njia nyingine ni nchi yenyewe kuomba, kama China ilivyopata .中国 mwaka 2010. Huko nako sharti ni kwamba maandishi yawe ya lugha rasmi ya nchi hiyo. Katiba yetu inataja Kiswahili na Kiingereza, na zote tunaziandika kwa a, b, ch. Kwa hiyo hata Serikali ikiomba .肯尼亚, haipati.

Nairobi ina nafuu kidogo. Jina la mji mkuu linaombeka, mradi uwe na barua ya mamlaka husika kwamba wanakuunga mkono au hawana pingamizi. Tuseme umeipata (ukiipata, nipigie nikupongeze). Ada ya kuomba ilikuwa dola 185,000 mwaka 2012, na kwa duru ya 2026 ni dola 227,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 29. Hapo hujakubaliwa bado. Ukikubaliwa kuna ada ya kila mwaka, na mitambo ya kuhudumia majina usiku na mchana. Halafu kuna hili: 罗, herufi ya katikati ya 内罗毕, huandikwa hivyo Beijing, lakini kule Taipei na Hong Kong huandikwa 羅. China yenyewe ina .中国 na .中國 pia. Na wewe utaulizwa la kufanya mtu akiliandika jina lako kwa namna ile nyingine.

Mimi chama changu nisingekishauri hivyo. Akiba iende kwa mzigo.

Ukitaka jina la Kichina la duka, sajili chini ya mkia uliopo tayari. .公司, maana yake kampuni, uko chini ya CNNIC ya Beijing, shirika linalosimamia majina ya intaneti ya China; kuna pia .在线, yaani mtandaoni. Uliza kwanza stakabadhi zinazotakiwa kabla ya kulipa. Jua pia kwamba seva zinazotafuta majina hazizijui herufi hizo: kivinjari hugeuza .中国 kuwa xn--fiqs8s kabla hakijauliza lolote. Ukinakili anwani yako kuibandika mahali, usishtuke ukiona takataka kama hizo. Na barua pepe yenye mkia huo, fomu nyingi bado zinaikataa, basi .co.ke yako usiiachie.

Isitoshe, Wachina ninaowahudumia Kilimani sijawaona wakiandika anwani. Wanatoa simu, wanaskani msimbo wa QR kwa WeChat, wanalipa, wanaondoka. Bandika huo kaunta leo.

Fundi, nimepata barua pepe ya "msajili" wa Shanghai. Eti kuna kampuni inataka kusajili jina la saluni yangu kwa .cn na .中国, na mimi nina siku chache za kulipia kabla halijachukuliwa. Nifanye nini? – Mama Tito, South B

Futa, mama. Ni utapeli wa zamani, na hiyo kampuni haipo. Msajili wa kweli akiletewa jina lililo wazi analiuza tu, hazunguki dunia kumtafuta mwenye saluni South B amwombe ruhusa. Usimjibu hata kwa matusi. Akishajua anwani yako inasomwa, atarudi na .asia.