Kukaza tumbo baada ya uzazi, mini au ile kubwa? Jibu langu lilikuwa juu ya kitovu

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Una watoto wawili, wote kwa kisu, wa mwisho ana miezi minane na bado ananyonya. Umebaki na mkunjo unaoning'inia juu ya mshono na mazoezi hayajausogeza. Daktari mmoja kakwambia mini, yaani operesheni ndogo ya kukaza tumbo la chini, inatosha, wa pili kasema bila ile kubwa ya tumbo zima utakuwa umetupa hela, na wewe unauliza nani mkweli.

Mimi nilifanya ile kubwa, miaka mitatu sasa, baada ya kuililia mini karibu mwaka mzima. Wifi yangu alifanya mini. Tukivaa nguo tulikuwa tunaonekana tuna tumbo moja, lakini tulipolala kitandani kwa daktari yakawa matumbo mawili tofauti kabisa.

Kosa langu nalijua: nilikuwa nachagua kovu. Nilisikia mini ina kovu fupi, linazidi kidogo tu lile la kuzalishwa, kitovu hakihamishwi, na baada ya wiki moja au mbili mtu anarudi kwenye kazi ya kukaa. Ile kubwa inapita kutoka nyonga hadi nyonga. Ukiambiwa hivyo, nani ataitaka ya pili? Daktari wa kwanza aliniangalia nikiwa nimesimama, akabana ngozi ya chini ya kitovu kwa vidole viwili, akasema mini, tupange tarehe. Hata dakika kumi hazikufika. Nilitoka pale nacheka peke yangu.

Aliyenizindua hakuwa hata daktari wa upasuaji. Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo kwa sababu ya mgongo, maana tangu mimba ya pili nilikuwa siwezi kusimama nikaosha vyombo bila kuegemea kitu. Akanilaza chali, magoti yamekunjwa, akaniambia niinue kichwa kidogo tu, kama mtu anayetaka kuona vidole vyake vya miguu. Katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni, pakainuka tuta refu kama paa la kibanda. Nilishtuka. Miaka yote ile sikuwahi kulitazama tumbo langu nikiwa nimelala hivyo. Akazamisha vidole: juu ya kitovu vikaingia vinne, kitovuni vitatu, chini ya kitovu kimoja na nusu.

Ndipo akanieleza. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu, mmoja kila upande, na katikati inashikwa na utepe mgumu. Mimba inauvuta ule utepe hadi unatanuka. Kwa wanawake wengi unajirudi wenyewe, sana sana katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Kwa wengine unabaki umelegea na misuli inabaki imeachana. Uwazi ukizidi vidole viwili hivi, hapo kuna jambo. Utumbo unasukuma, ukuta hauna nguvu ya kuuzuia, tumbo linatokeza hata kama mwenyewe ni mwembamba. Ndiyo maana jioni, baada ya kula, nilikuwa naulizwa mimba ina miezi mingapi.

Sasa tazama mini inafanya nini. Inakata chini, inainua ngozi mpaka karibu na kitovu, inaondoa ngozi na mafuta yaliyozidi hapo, na kama misuli ya chini imelegea inakazwa kwa uzi. Kazi yake kwa kawaida inaishia kitovuni. Ile kubwa inainua ngozi kutoka kinenani hadi chini ya mbavu, daktari anaona ukuta wote, anaishona misuli katikati kutoka juu hadi chini, kisha anaivuta ngozi ya juu ishuke na ile iliyozidi anaikata. Mimi uwazi wangu ulikuwa juu. Ningefanya mini, chini kungebana kama ngoma na juu kungebaki vilevile, pengine kungeonekana zaidi kwa sababu chini pametulia. Libane puto kwa mkono sehemu ya chini uone linavyotokeza juu.

Daktari wa pili, wa upasuaji rekebishi, alinipima vivyo hivyo nikiwa nimelala, akagundua na ngiri ndogo ya kitovu niliyokuwa naiita kitovu kimetoka. Akasema ataiziba humohumo. Nikamuuliza tena kuhusu mini, aibu sina. Akanijibu: "Mama, naweza kukufanyia, lakini utarudi kuniuliza mbona tumbo la juu liko palepale."

Wifi yangu yeye alizaa mara moja, uzito wake haukupanda sana, misuli ilikuwa imesharudi, vidole haviingii popote. Tatizo lake lilikuwa kile kikunjo cha ngozi juu ya mshono na michirizi michache chini kabisa. Kwake mini ilikaa kama nguo iliyoshonwa na fundi anayemjua. Kwa hiyo sisemi mini ni ya kitapeli. Ina mtu wake, na mtu huyo ni yule ambaye juu ya kitovu hana shida.

Kuna na njia ya katikati ambayo huenda ndiyo daktari wako wa kwanza aliifikiria: mini ambayo kitovu kinaachanishwa na ukuta kwa ndani bila kukatwa ngozi yake, ili daktari afike juu na kukaza misuli. Kitovu kinashuka kidogo. Inawafaa wenye kitovu kilichokaa juu na ngozi ya juu isiyolegea. Muulize moja kwa moja kama hiyo ndiyo mini anayoisema, maana neno ni moja na operesheni ni mbili. Na kama ngozi yako ingekuwa bado inabana na misuli iko sawa, tatizo mafuta tu, kunyonya mafuta peke yake kungetosha. Kwa ulivyoeleza, mkunjo unaning'inia, kwa hiyo sidhani.

Usisahau na ngozi ya juu. Kaa kwenye kiti, jikunje mbele, shika ngozi iliyo kati ya mbavu na kitovu. Kama unapata konzi ya ngozi iliyolegea, mini haitaivuta. Michirizi nayo ni hivyohivyo, inayoondoka ni ile iliyo kwenye kipande cha ngozi kinachokatwa, ya juu inabaki, kwenye ile kubwa inashushwa tu. Mimi ninayo bado, ila sasa imejificha ndani ya chupi.

Watu wanaogopa sana habari ya kitovu kwenye ile kubwa. Hakitupwi. Kinakatwa kuzunguka, kinabaki kimeshikilia pale pale ndani kwa shina lake, ngozi ikishavutwa chini kinatobolewa tundu jipya na kushonwa humo. Tundu la zamani linaondoka na ngozi inayokatwa. Kama ngozi ya juu haitoshi kushuka kiasi hicho, tundu lile linashonwa na kuacha kialama cha wima juu ya mshono. Mimi ninacho, kama urefu wa ukucha. Na ule mshono wa kuzalishwa uliokuchukiza kwa kawaida unakatwa pamoja na ngozi, kwa hiyo hubaki na makovu mawili. Kama una kovu lingine, hasa la juu ya tumbo, mwonyeshe mapema, kwa sababu makovu ya zamani yanaweza kupunguza damu inayofika kwenye ngozi iliyoinuliwa.

Lakini wewe kwa sasa usifanye lolote, si mini si kubwa. Bado unanyonyesha. Subiri umwachishe mtoto, kisha ipite miezi kadhaa, uzito usimame mahali pamoja. Kama kuna mtoto wa tatu kichwani mwenu, mzae kwanza. Mimba baada ya operesheni inawezekana, ila inaweza kutanua tena kilichokazwa. Miezi hiyo ya kusubiri ifanyie kazi na mtaalamu wa viungo. Kwa wengine uwazi unapungua kiasi kwamba aliyekuwa anahitaji ile kubwa anabaki na shida ya ngozi tu. Mimi nilifanya miezi sita, mgongo ukapata nafuu, uwazi ukatoka vidole vinne hadi vitatu, ukagoma hapo. Sijutii ile miezi. Na kama tumbo ni gumu, mafuta yako ndani nyuma ya misuli, hakuna kisu cha kukaza tumbo kinachoyafikia. Hayo ni ya kupungua mwili.

Kuhusu kupona nitakwambia ukweli ambao mimi sikuambiwa wote. Siku za mwanzo unatembea umeinama kama bibi anayetafuta sindano. Mimi niliweza kunyooka siku ya kumi na moja. Unalala mgongo umeinuliwa kwa mito na mingine chini ya magoti, na kuamka ni kazi ya watu wawili. Kukohoa, kupiga chafya na kucheka ni adhabu. Mume wangu alipigwa marufuku kusimulia chochote. Dawa za maumivu zinafunga choo, na kusukuma huwezi, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha kabla hujakwama. Nilitoka na mirija miwili ya kutolea maji, kila asubuhi tunapima na kuandika, ikatolewa maji yalipopungua, siku ya tisa. Mkanda wa tumbo wiki sita, usiku na mchana. Wifi yeye hakuwekewa mirija, siku ya nne alikuwa amesimama wima, wiki ya pili kazini, akanipigia simu kuniuliza mbona nalalamika. Tulinuniana kidogo.

Kigumu kuliko vyote hakikuwa maumivu. Ilikuwa mtoto. Kwa wiki sita sikuruhusiwa kunyanyua kitu kizito, na mtoto wa miaka miwili ni kizito. Alikuwa anakuja kitandani, ananyoosha mikono, nami nashindwa kumbeba. Kama huna mtu wa kukaa nawe angalau wiki tatu, ahirisha. Nasema hivi hasa kwa wenye watoto wawili wadogo kama wewe.

Baada ya mirija kutolewa, wiki ya tatu, nikaanza kusikia kitu kama maji yanacheza chini ya ngozi nikigeuka. Ni maji yaliyojikusanya, jambo la kawaida kwenye operesheni hii. Yalivutwa kwa sindano mara tatu, yakaisha. Ganzi chini ya kitovu ilinikaa karibu mwaka, na kuna sehemu ya kiganja kimoja ambayo mpaka leo nikiigusa naona kama naigusa ya mtu mwingine. Kovu lilikuwa jekundu na gumu miezi mingi, lilianza kutulia baada ya mwaka. Kama kwenu makovu huwa yanaota na kuvimba, angalia mshono wako wa uzazi ulivyopona, mweleze daktari, na ujue kovu refu ni nafasi ndefu zaidi ya kuota.

Yale ya hatari zaidi ni haya. Damu inaweza kuganda mguuni na kupanda kwenye mapafu, ndiyo maana wanakuamsha utembee siku ileile au kesho yake hata kama umeinama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakatika ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo. Ukivuta sigara au shisha, acha wiki kadhaa kabla na baada. Nikotini inabana mishipa na ngozi iliyoinuliwa inaweza kufa, hasa pale katikati chini. Vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za mitishamba, vitaje vyote.

Sasa nani mkweli kati ya madaktari wako? Sijui walikupimaje, na ndicho ningeanza kuwauliza. Je, walikulaza wakakwambia uinue kichwa, au walikutazama umesimama kama mimi? Misuli wataikaza kutoka wapi hadi wapi? Mwambie wa mini achore kwa kalamu mwilini mwako mahali kazi yake inapoishia, kisha umuulize juu ya mstari huo kutakuwaje. Mwambie wa ile kubwa akuonyeshe ni ngozi gani ya juu inayomfanya asiridhike na ndogo. Anayekasirika kwa maswali haya amekusaidia kuamua.

Leo usiku watoto wakilala, jilaze sakafuni, magoti juu, inua kichwa, weka vidole vikiwa vimelala kwa upana wake, upime sehemu tatu: upana wa vidole vinne juu ya kitovu, kitovuni penyewe, na upana wa vidole vinne chini yake. Njoo uandike hapa vimeingia vingapi kila mahali, na kama tuta linainuka. Hapo ndipo nitaweza kukwambia kama tumbo lako ni langu au la wifi.