Milima ya Petermann: kwa nini ilichorwa na haipo?

Swali: Nasomea upimaji ardhi. Nimeona kwamba ramani ya kwanza ya visiwa vya Franz Josef, kule Aktiki, ilionyesha nchi ambayo baadaye haikupatikana. Wapimaji wale walikuwa na teodolaiti, kifaa cha kupimia pembe, na kronomita, saa ya usahihi mkubwa. Walikosea wapi?

Jibu: Vifaa havikuwa na kosa. Kosa liliingia pale kupima kulipokoma na macho yakaendelea na kazi peke yake.

Visiwa hivyo vilionekana tarehe 30 Agosti 1873 kutoka kwenye Tegetthoff, meli ya Austria-Hungaria iliyokuwa imenaswa kwenye barafu mwaka mzima. Mwaka uliofuata Julius Payer, mmoja wa viongozi wa safari hiyo, alikwenda kaskazini kwa sleji, akipima pembe kutoka rasi hadi rasi na kuchukua kimo cha jua kupata latitudo. Usidharau kazi hiyo. Kwa baridi ile shaba inanata kwenye ngozi ya kidole, na pumzi ikigusa tu lenzi inaganda.

Tarehe 12 Aprili 1874 alifika Rasi ya Fligely, kisiwa cha Rudolf. Mbele yake akaona milima, akaiita Nchi ya Petermann. Hapo ndipo penye jibu lako: alikuwa amesimama kwenye kituo kimoja. Pembe ya kituo kimoja inakupa mwelekeo, umbali haikupi. Mwaka 1900 Mwitaliano Umberto Cagni alianzia kisiwa hichohicho cha Rudolf kwenda kaskazini, asikute ila bahari iliyoganda.

Ninavyoamini mimi, yalikuwa mazigazi. Yale ya lami yenye joto unayajua; haya ni kinyume chake. Hewa baridi hulala juu ya barafu, yenye joto kidogo ikiwa juu yake, na mwanga hupinda kuelekea chini. Tuta la barafu lililo mbali huinuka machoni pako likawa kama jabali.

Longitudo nayo ina habari yake, maana hupatikana kwa saa. Saa ikikosea dakika 4, umekosea digrii 1: kwenye Ikweta ni kilomita 111, kwenye latitudo 80 ni kilomita 19 tu. Lakini saa isiyotembea haisamehe popote. Aprili 1895 Nansen na Johansen, wavumbuzi wa Norwei waliokuwa safarini juu ya barafu, walisahau kutia ufunguo saa zao, zote mbili zikasimama. Walifika visiwa hivihivi vya Franz Josef bila kuwa na hakika ni visiwa gani, mpaka Juni 1896 walipomkuta Mwingereza Frederick Jackson kwenye Rasi ya Flora.

Jackson huyo ndiye aliyeonyesha kwamba Nchi ya Zichy, ambayo Payer aliichora kama nchi moja kubwa, ni visiwa vingi. Hata yeye aliweka kisiwa cha Harmsworth kwenye ramani, na chombo cha anga Graf Zeppelin kilipopita na kamera mwaka 1931 hakikukiona.

Kwa hiyo ukiwa kazini, chochote ulichokiona kutoka kituo kimoja kichore kwa mstari wa nukta, na pembeni yake uandike jina la kituo, saa na hali ya hewa. Mstari kamili usubiri pembe ya pili.