Maswali ya Gari: Grisi ikigeuka uji kwenye ekseli ya mbele

Habari za kazi. Nina Land Cruiser HZJ75 ya 1992. Nyuma ya tairi la mbele kushoto, kwenye lile tufe la chuma, panachuruzika uji mweusi. Fundi alibadilisha sili ya nje (pete ya kuzibia) akajaza grisi. Haukupita mwezi uji ukarudi. Nataka kufungua mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi? – Msomaji, Bahi

Sili ya nje haina kosa. Kazi yake ni kufuta tope lisiingie, si kuzuia oili. Chukua uji huo kidogo, usugue kati ya vidole, unuse. Ukipata harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) iliyopita kwenye sili ndogo ya ndani, mdomoni mwa ekseli, ikaozesha grisi. Kuongeza grisi hapo ni kumpikia mgeni asiyeshiba.

Kabla ya kununua chochote, kagua kipumulio cha difu (tundu la kupitisha hewa) juu ya ekseli. Tope la mbuga za Bahi likikauka humo, joto husukuma oili nje kupitia sili; na ekseli ya moto ikizama ghafla kwenye korongo lenye maji, huvuta maji ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi tosha kuwa maji yameingia.

Fungua pande zote mbili. Nunua sili za ndani 2, seti za sili za tufe 2, sili za habu (kitovu cha gurudumu) 2, beringi za nako (kiungo kinachogeuza gurudumu kwenye tufe) 4, gasketi na washa za kufungia nati za habu, grisi ya molibdeni kama kilo 2, grisi ya kawaida ya beringi nusu kilo, na oili ya difu ya GL-5 namba 90.

Zuia magurudumu ya nyuma, simamisha ekseli juu ya stendi (jeki peke yake hapana), mwaga oili ya difu. Kalipa (kibano cha breki) ifunge kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Washa za koni zikigoma, usizichokonoe na bisibisi: gonga ncha ya stadi (bolti isiyo na kichwa) kwa kipande cha shaba, zitaruka zenyewe. Spindeli (mhimili mfupi unaobeba habu) ikitoka, zungusha shafti (chuma kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu) hadi upande wake bapa uwe juu, kisha ivute.

Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za juu na za chini ziweke kwenye mifuko tofauti, uandike upande. Nyingi huishia kuchanganywa kwenye sufuria moja ya mafuta ya taa, na hapo kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Ukifunga beringi mpya bado bila shafti wala sili, vuta mkono wa nako kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama: uanze kugeuka kati ya kilo 3 na 6. Ukiwa mwepesi, punguza shimu. Ukiwa mzito, ongeza.

Sasa sehemu inayoharibiwa na wengi. Pitisha ukucha pale midomo ya sili inapogusa shafti. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja, hata iwe ya bei gani. Sili iingie sawasawa bila kulalia upande, mdomo wake upakwe grisi, na shafti uibebe kwa mkono mpaka meno yake yapite. Ukiiburuta, meno hukata mpira. Jaza jointi (kiungo chenye gololi kwenye ncha ya shafti) grisi yote inayopokea, lakini nako iishie robo tatu.

Nikikata kona kali huku habu zimefungwa kwa 4x4, mbele kunalia ka-ka-ka. Lazima ninunue jointi mpya? – Msomaji, Mpwapwa

Si lazima. Itoe, ioshe, toa gololi zake 6, tazama njia zinamopita. Zikiwa zimemegeka au zina mashimo, nunua. Zikiwa zimelika kidogo upande mmoja tu, hamishia jointi ya kushoto kulia na ya kulia kushoto: mwendo wa mbele sasa utabebwa na upande ambao haujachoka. Shafti za ndani zibaki pande zake, maana urefu wake haulingani.

Nikiruka shimo kwenye kilomita 60, usukani unatetemeka mpaka nipunguze mwendo. Nimeshauriwa nifunge shokomzoba mpya ya usukani. – Msomaji, Kondoa

Hiyo itaficha ugonjwa. Anza na balansi ya matairi na tai rodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu). Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise huku mwenzako akikanyaga breki. Mchezo (ulegevu) ukiisha breki ikikanyagwa, ni beringi za habu. Ukibaki, ni za nako.

Za habu hufungwa hivi: kaza nati kwa Nm 59 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) huku ukizungusha habu, ilegeze mpaka izunguke kwa mkono, kisha kaza Nm 5.4 tu. Ukivuta stadi ya gurudumu kwa mizani, habu ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 5.5. Weka washa, funga nati ya pili kwa Nm 64, kisha upime tena kwa mizani, kwa sababu nati ya pili huisukuma ya kwanza. Mwisho kunja washa.