Maswali na Majibu: Afya ya Delta ya Rufiji

Maji ya delta yana rangi ya tope hata mvua isiponyesha. Yamechafuka?

Hapana. Rufiji hupokea maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na kila mto huja na udongo wake. Chembe za udongo zikikutana na chumvi hushikamana, zikawa nzito na kuzama. Ndivyo delta ilivyojengeka. Maji yakijaa na kupwa huzikoroga upya.

Maji yakipwa, kwenye mikoko kunanuka mayai viza. Kuna hatari?

Hiyo ni harufu ya kawaida. Ndani ya tope hamna hewa, na bakteria wanaoozesha majani humo hutoa gesi yenye harufu hiyo. Chimbua kidogo kwa kidole: juu kahawia, chini jeusi. Wasiwasi uanze ukiona samaki wanakuja juu wakitweta.

Mikoko si mti mmoja tu?

Iko aina nane, na kila moja ina mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazama bahari. Mkoko wenyewe hujiegemeza kwa mizizi iliyopinda kama magongo. Mchu huvumilia chumvi nyingi na kuitoa kupitia majani: lamba jani siku ya jua kali, utaionja. Msikundazi hupenda upande wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Wengine ni msinzi, mkandaa, kikandaa na mkomafi. Ukijua miti hii, utajua chumvi ilipofika bila kuonja maji.

Tukilima mpunga deltani tunaambiwa tunaharibu. Sasa tule nini?

Swali la haki kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulihamishia sehemu kubwa ya maji yake kaskazini mwa delta, chumvi ikapungua huko, na watu wakafyeka mikoko wakapanda mpunga. Shida ni kwamba shamba huzaa vizuri kwa misimu michache, kisha magugu na kaa hulishinda, mkulima akafyeka pengine. Ningeanzia kwenye mashamba yaliyoachwa. Yafunguliwe njia ya maji ya bahari, mikoko itarudi, maana mbegu zake huelea na kufika zenyewe. Kupanda miche pasipofikiwa na maji ni kazi bure, na nguvu nyingi za wanakijiji zimepotelea hapo.

Bwawa la Julius Nyerere litawagusa kamba?

Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kamba hutaga baharini. Watoto wao huingia deltani na maji kujaa, hukulia kwenye mizizi ya mikoko, kisha hurudi baharini. Wanategemea maji baridi ya masika na rutuba inayoletwa nayo. Bwawa hilo la umeme, lililoko Rufiji juu ya delta, lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa lolote hunasa tope na kupunguza mafuriko. Umeme tunauhitaji, lakini maji ya masika lazima yaachiwe kwa wingi wa kutosha. Ninyi mlio deltani angalieni mawili: mililana ya mbele ikianza kuangukia majini, pwani inaliwa, visima vikianza kuwa na ladha ya chumvi, bahari inapanda mtoni. Pimeni chumvi kila mara wakati wa bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, msichanganye na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, la sivyo vipimo havitalinganishika.