Kasisi asiye na mtaa

Swali: Kasisi wetu wa Kianglikana hapa Unguja sasa anahudumia wagonjwa hospitalini. Baadhi ya waumini wanauliza kwa nini tuendelee kumchangia. Tufanyeje?

Jibu: Mchangieni, ndugu yangu, kwa kuwa daraja takatifu, yaani ukasisi, hutolewa kwa ajili ya Kanisa zima, wala haliondoki pale kasisi anapoacha mimbari na kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Edward Steere, kasisi mmisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, kabla ya kuwa askofu mwaka 1874, alitumia miaka hapa Unguja akichunguza Kiswahili na kuchapa vitabu, na matunda yake tunayala hadi leo. Mkumbukeni kasisi wenu kwa jina katika sala za Jumapili, mlipieni nauli ya daladala, na mwalikeni ahubiri. Upweke ndio unaomchosha zaidi.