Puto la kondomu: linaposhika, na linapokudanganya

Puto la kizazi ni kondomu inayojazwa maji ndani ya kizazi ili kuzuia damu ya mama aliyetoka kujifungua. Vifaa vyake vinaenea kwenye kimfuko kimoja: mpira wa mkojo (katheta) namba 18 hadi 24, kondomu mbili zisizo na dawa ya kuua mbegu, uzi wa kushonea, bomba la sindano la mililita 60, chupa ya salaini (maji ya chumvi ya dripu) na gozi. Kondomu ni mbili kwa sababu ya kwanza ikipasuka saa nane za usiku, hakuna wa kukimbia stoo. Njia hii ilitoka Bangladesh, ambako Profesa Sayeba Akhter na wenzake waliichapisha mwaka 2003. Inatufaa wa Makete, Ludewa na Rungwe kwa sababu haihitaji kifaa maalumu cha kuagiza ng'ambo.

Lakini kimfuko kikae kwanza. Mama akivuja zaidi ya mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, sugua kizazi, mpe oksitosini (dawa ya kusinyaza kizazi) yuniti 10, toa mkojo (kibofu kilichojaa hukizuia kizazi kusinyaa), fungua dripu, na mpe asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Kagua kondo la nyuma kama limetoka zima. Kagua uke na mlango wa kizazi kama kuna michaniko. Hatua hii ya mwisho hurukwa mara nyingi, na kuiruka kunaua. Kizazi kikiwa kigumu kama nazi na damu bado inatiririka, hakijalegea. Kuna mahali pamechanika, na puto halitapaziba. Kipande cha kondo kikibaki ndani, au kizazi kikiwa kimepasuka, puto ni kosa kabisa.

Na gari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linalikubali puto kwa kizazi kilicholegea na kukataa dawa, pale ambapo upasuaji na damu salama vinapatikana haraka vikihitajika. Kwa kituo kisicho na chumba cha upasuaji maana yake ni moja: piga 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wazazi, kabla hujavaa glovu. Kutoka Makete kwenda Mbeya kupitia Kitulo na Isyonje, masika, dakika ishirini ulizochelewa kupiga simu hazirudi.

Sasa kulitengeneza. Ivishe kondomu kwenye mpira, uache nafasi ya kama vidole viwili kati ya ncha ya kondomu na ncha ya mpira. Funga uzi kwenye mdomo wa kondomu, mizunguko miwili au mitatu. Ukilegeza, maji yatavuja. Ukikaza kupita kiasi, unaubana mpira na maji hayapiti. Ndiyo maana unalijaribu nje kwanza: sukuma mililita 50, angalia fundo, kisha yavute yote yatoke.

Mpira wa mkojo una njia mbili, na hapa wengi hukosea wakiwa na haraka. Tundu dogo lenye valvu ya rangi linajaza kaputo ka mpira wenyewe, ambako huchukua mililita 5 hadi 30 tu. Hako kaache. Salaini ya kondomu inapita kwenye njia kubwa, ile ya mkojo.

Ukiwa na glovu za upasuaji na spekula (chombo cha kufungulia uke), shika mlango wa kizazi kwa koleo na uusukume mpira ndani mpaka kondomu yote iwe imepita. Ikibaki nusu ukeni itajaa hukohuko, itateleza, na utasema puto halifanyi kazi. Jaza salaini mililita 250 hadi 500, ukitazama damu: ikikoma kwenye 300, simama. Usijaze hewa kamwe. Ukimaliza, kunja mwisho wa mpira na ufunge kwa uzi au klempu, kisha shindilia gozi ukeni ili puto lisitoke. Zihesabu gozi hizo.

Jambo ambalo vitabu vya nchi za joto hulipita juu juu: baridi. Njombe na Makete mwezi wa Juni, salaini ya rafuni ni baridi kama ukuta. Damu ya mwili uliopoa haigandi vizuri, nawe unataka kuweka nusu lita ya baridi katikati ya mwili huo. Loweka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ijaribu kwa ndani ya kiwiko, isiwe ya moto. Mama mkwe aliyekuja na blanketi na vitenge mruhusu aingie navyo.

Kabla ya kuondoka, chora mstari kwa kalamu tumboni pale kizazi kinapofikia. Huu ndio ulinzi wako dhidi ya puto linalodanganya: chini pakavu, huku damu inajikusanya juu ya puto. Mstari ukipitwa, mapigo yakipanda, presha ikishuka, puto limeshindwa hata kama shuka ni safi. Damu ikiendelea dakika 15 baada ya kujaza, hapo pia puto limeshindwa. Usiongeze maji kwa matumaini.

Njiani mkunga apande gari. Dripu yenye oksitosini yuniti 20 kwa lita iende matone 40 kwa dakika, mpira wa pili ukae kwenye kibofu, na mama awe amepata ampisilini (antibiotiki) gramu 2. Andika kwenye plasta, uibandike mkononi mwake: saa, mililita, idadi ya gozi. Wenzetu wa Meta, hospitali ya wazazi ya Mbeya, hawana muda wa kusoma faili wakati huo.

Kulitoa si kazi ya kituo kidogo. Linakaa saa 12 hadi 24, linatolewa mchana, daktari wa upasuaji akiwa karibu, maji yakipunguzwa kidogo kidogo huku mnaangalia damu. Mkiyatoa yote kwa mkupuo, kizazi kinaweza kulegea upya. Gozi zihesabiwe tena. Zikipungua kuliko namba ya kwenye plasta, zitafutwe kabla mama hajashuka kitandani.